Simu, Upepo, Masafa, Mtandao: Majina ya Mawasiliano Yasiyo na Waya na Shida ya Nyumba za Zamani

Mpangaji wa chumba cha nyuma katika nyumba ya Kiswahili huko Temeke anaposema kwamba leo "mtandao hakuna", msikilizaji hana budi kuuliza: mtandao upi? Huenda mnara wa kampuni ya simu umezimika. Huenda mnara ni mzima, lakini kifurushi kimekwisha. Au huenda mnara ni mzima na kifurushi kipo, ila mawimbi ya kifaa kilichowekwa chumba cha mbele kwa mwenye nyumba hayafiki kwa mpangaji kwa sababu ya kuta zilizo katikati. Matatizo haya matatu yana sababu mbalimbali na tiba mbalimbali, lakini katika Kiswahili cha kila siku yote yamepewa jina moja.

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya majina tuliyoyapa mawasiliano yanayopita hewani, tangu simu ya upepo hadi mtandao, na kuyapima majina hayo kwa mfano mmoja mdogo ambao umekuwa shida ya kweli kwa wakazi wengi wa Kinondoni na Temeke: namna ya kuieneza intaneti isiyo na waya ndani ya nyumba iliyojengwa kabla intaneti haijakuwapo. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu ndipo upungufu wa istilahi unapomgharimu mtu fedha. Asiyeweza kulitaja tatizo lake hulipia tiba ya tatizo jingine.

Simu na upepo

Neno simu lina asili ya Kiajemi, ambako sim ni fedha, na pia ni waya. Jina hili lilikifaa chombo chenyewe. Mwaka 1879 waya wa simu uliopitishwa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na watu wa pwani wakaiona simu kama ilivyokuwa: waya mrefu unaopeleka habari. Baadaye lilipokuja suala la kutofautisha, lugha iliongeza maneno bila kulibadili neno la msingi. Habari iliyoandikwa ikawa simu ya maandishi, na mazungumzo yakawa simu ya mdomo.

Ugumu ulianza pale waya ulipoondoka. Mwaka 1901 Marconi alifaulu kupokea ishara iliyovuka bahari ya Atlantiki bila waya wowote, na haukupita muda mrefu kabla chombo hicho hakijafika kwetu. Wajerumani walijenga kituo cha namna hiyo Dar es Salaam. Nacho kilikuwa na maana kubwa ya kivita hata tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza Ulaya, manowari ya Uingereza iitwayo Astraea ilifika kukishambulia kwa mizinga. Kiswahili kilikiita chombo hiki simu ya upepo. Kwa asili ya maneno, jina hilo linajipinga lenyewe, maana ni kama kusema "waya wa upepo". Hata hivyo lilishika, likatumika katika vituo vya polisi na ofisi za wilaya kwa miaka mingi baada ya Uhuru.

Yafaa tulitazame jina hili kwa makini kabla ya kulicheka. Mawasiliano haya si upepo, na fizikia haitaturuhusu kusema hivyo. Lakini mtu wa pwani anaposikia neno upepo huwaza mambo matatu kwa pamoja: upepo una mahali unapotoka, una njia unazopitia, na una vitu vinavyouzuia. Fundi wa pwani alijua tangu zamani wapi pa kuweka mlango na dirisha ili kusi na kaskazi vipenye ndani. Alijua pia kwamba chumba kisicho na mwanya hakipati hewa, hata kama nje kunavuma. Kwa hiyo jina simu ya upepo, pamoja na kasoro yake ya kisayansi, lilibeba ndani yake wazo la kizuizi. Majina yaliyofuata hayakulibeba.

Masafa

Kituo cha utangazaji kilianza Dar es Salaam mwaka 1951. Kikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Pamoja na redio likaja neno masafa. Neno hili ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni umbali kati ya mahali na mahali. Msafiri huenda masafa marefu. Watangazaji walilichukua wakalitumia kwa mawimbi ya redio, nasi tukazoea kusikia kwamba matangazo yanatujia katika masafa ya kati au katika masafa mafupi.

Hapo ndipo ulipoingia mkanganyiko ambao haujatuondokea. Kinachoitwa kifupi katika masafa mafupi ni urefu wa wimbi lenyewe, si mwendo wake. Kwa hakika mawimbi hayo ndiyo yaliyokwenda mbali kuliko mengine, kwa kuwa huakisiwa na tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mamia na maelfu ya maili kutoka yalikotoka. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilitufikia kutoka London kwa masafa mafupi. Vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilivyopewa nafasi katika Radio Tanzania vilisikika nchi za mbali kwa masafa mafupi. Msikilizaji aliyeyafasiri maneno hayo kwa maana yake ya kawaida angedhani kwamba masafa mafupi ni ya jirani na masafa ya kati ni ya mbali kidogo, na angekuwa amegeuza mambo juu chini.

Zilipoenea stesheni za FM katika miaka ya 1990, neno liligeuka tena. Leo mtangazaji anaposema "tunapatikana katika masafa ya" kisha akataja tarakimu za megahezi, masafa si umbali tena wala si urefu wa wimbi. Ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Basi neno moja limepita maana tatu: umbali, urefu wa wimbi, na idadi ya mitetemo. Maana ya pili na ya tatu zinakwenda kinyume, kwa sababu wimbi likiwa fupi zaidi mitetemo yake huwa mingi zaidi.

Wakati wa redio kosa hili halikumdhuru mtu. Mwenye redio alizungusha kitufe mpaka sauti ikasikika. Kifaa cha intaneti cha nyumbani hakimwachi mtumiaji katika raha hiyo. Vifaa vingi vya siku hizi hutoa mawimbi ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na mtumiaji hutakiwa kuchagua. Mfasiri anayeandika katika kijitabu cha maelezo kwamba gigahezi 5 ni "masafa ya juu zaidi" hajakosea kisayansi. Lakini msomaji wa kawaida wa Tandika atasoma kwamba haya ndiyo yanayofika mbali, naye atayachagua kwa ajili ya chumba cha mwisho. Ukweli ni kinyume chake. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na lile la gigahezi 5 lina urefu wa sentimita 6 tu. Hili fupi hubeba habari nyingi kwa kasi, lakini hudhoofika upesi zaidi likikutana na ukuta. Lafaa kwa aliye chumba kimoja na kifaa. Kwa aliye nyuma ya kuta mbili lafaa lile refu.

Mtandao

Neno mtandao ni letu wenyewe. Linatokana na kutanda na kutandaa, nasi tumezoea kusikia utando wa buibui na wingu lililotanda. Ni neno zuri, na kazi ya kulipa maana ya vyombo vingi vilivyounganishwa ilifanywa kwa hekima. Tatizo lake ni kwamba limefaulu kupita kiasi. Kampuni za simu zilizoanza kuenea nchini katikati ya miaka ya 1990 ziliitwa mitandao. Siasa nayo ikalichukua. Katika uchaguzi wa mwaka 2005 mtandao na wanamtandao yalikuwa maneno ya kampeni. Baada ya mikongo ya baharini kufika Dar es Salaam mwaka 2009 na mwaka 2010, intaneti ilitoka maofisini ikaingia majumbani, na jina lake likawa mtandao. Kisha ikaja mitandao ya kijamii. Leo hata mtumishi aliye dirishani katika ofisi ya umma huwaambia wananchi waliopanga foleni kwamba "mtandao unasumbua". Hakuna anayejua kama lililoharibika ni waya, programu, au umeme wa jengo.

Neno la namna hii linamstarehesha msemaji kwa kuwa halimtaki aeleze. Ndiyo maana halikosi kutumika, na ndiyo maana halitoshi kwa mwalimu, fundi, wala mfasiri. Zaidi ya hayo, mtandao kwa umbo lake ni kitu kilichotanda. Kilichotanda kipo kila mahali, kama wingu juu ya mji. Wazo kwamba kipo hapa barazani na hakipo pale chumbani, katika nyumba ileile, halimo ndani ya neno hili. Upepo ulikuwa na kizuizi, mtandao hauna.

Nyumba zenyewe

Sasa tutazame nyumba. Wengi wa wakazi wa Kinondoni na Temeke walikulia katika nyumba ya Kiswahili, au katika nyumba iliyotokana nayo. Ramani yake inajulikana. Mlango wa mbele unafungukia korido inayokwenda moja kwa moja hadi uani. Vyumba vimepangwa kulia na kushoto, aghalabu vitatu kila upande. Jiko, bafu na choo viko uani. Ukuta wa awali ulikuwa wa miti na fito zilizokandikwa udongo, na paa lilikuwa la makuti. Kuta za kati mara nyingi hazikufika hadi kwenye paa, na ndiyo sababu ugomvi wa chumba cha kwanza ulisikika chumba cha tatu.

Pamoja na nyumba hizi ziko kota, neno tulilolitohoa kutoka Kiingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za safu kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika katika Ilala na Temeke, na katika miaka ya 1950 huko Magomeni na Kinondoni. Shirika la Nyumba la Taifa lililoanzishwa mwaka 1962 liliendeleza kazi hiyo kwa kubomoa vibanda na kujenga nyumba za gharama nafuu, na baadaye magorofa. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilipoanza kazi mwaka 1966, tofali la saruji lilianza kuchukua mahali pa udongo hata katika nyumba za watu binafsi.

Lakini nyumba hizo hazikubomolewa zote mara moja. Mwenye nyumba alibadilisha ukuta mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao, kadiri ya uwezo wake. Makuti yakaondoka, yakaja mabati. Madirisha ya mbao yakawekwa nondo na wavu wa chuma. Kwa hiyo nyumba moja ya Tandale au ya Keko yaweza kuwa na kuta za zama tatu, na kila ukuta huyapokea mawimbi kwa namna yake. Udongo mkavu huyapitisha kwa unafuu. Tofali gumu la saruji huyapunguza sana. Sakafu ya zege yenye nondo, kama ile itenganishayo ghorofa na ghorofa, huweza kubakiza sehemu moja tu kati ya kumi ya nguvu yake, au chini ya hapo. Bati na wavu wa chuma huyarudisha yalikotoka, kwa kuwa matundu ya wavu ni madogo kuliko urefu wa wimbi. Ukuta wowote uliolowa maji wakati wa masika huwa mzito kupenyeka kuliko wakati wa kiangazi, kwani maji hunywa mawimbi.

Zaidi ya hayo, nyumba za mitaa hii zimesongamana. Kila jirani akiwa na kifaa chake, vifaa vyote hugombea nafasi chache zilezile. Katika gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu kwa desturi: ya 1, ya 6 na ya 11. Vifaa vikiwa kumi ni lazima vizungumze kwa zamu, na wote wataona kasi imepungua ingawa hakuna kilichoharibika.

Mtandao mmoja, maagizo mawili

Katika nyumba hizo za vyumba sita, wapangaji wamezoea kuchangia. Huchangia umeme wa mita moja, huchangia maji, na siku hizi baadhi yao huchangia intaneti. Kifaa huwekwa kwa mwenye nyumba. Mwezi haujaisha, mpangaji wa chumba cha nyuma hukataa kutoa mchango wake. "Mama mwenye nyumba, mtandao mimi siupati." Naye hujibiwa, "Mwanangu, mtandao upo, mbona mimi naupata?" Wote wawili wanasema kweli. Mmoja anasema habari ya huduma iliyofika nyumbani, na mwingine anasema habari ya mawimbi yasiyofika chumbani. Wamegombana kwa sababu neno lao ni moja.

Hasara haiishii kwenye ugomvi. Vifaa vingi vinavyotumika katika mitaa hii havina waya kutoka barabarani. Vina laini ya simu ndani, hupokea mawimbi kutoka mnara wa kampuni, kisha hutoa mawimbi mengine kwa ajili ya simu na kompyuta za nyumbani. Yaani kuna safari mbili: kutoka mnarani hadi kwenye kifaa, na kutoka kwenye kifaa hadi kwa mtumiaji. Kwa safari ya kwanza, kifaa chafaa kukaa dirishani, upande unaoelekea mnara, mbali na bati na nondo. Kwa safari ya pili, chafaa kukaa katikati ya nyumba.

Tazama basi linalotokea mtu anapoomba ushauri akisema tu kwamba "mtandao ni mdogo". Anayedhani shida iko katika safari ya kwanza atamwambia, "Kisogeze dirishani." Anayedhani iko katika safari ya pili atamwambia, "Kiondoe dirishani, kilete katikati." Maagizo mawili yanayopingana yanatoka katika sentensi moja. Na muuzaji asiyetaka kuumiza kichwa atamwambia anunue kifurushi kikubwa zaidi, jambo ambalo halisaidii safari yoyote kati ya hizo mbili.

Njia ya kutambua ni rahisi, mradi mtu ana maneno ya kuitajia. Mtumiaji asimame hatua mbili kutoka kwenye kifaa. Ikiwa hata hapo intaneti ni hafifu, kosa liko katika safari ya kwanza au katika huduma yenyewe. Ikiwa hapo ni nzuri na chumba cha nyuma ni mbaya, kosa liko ndani ya nyumba. Hapo mahali pazuri katika nyumba ya Kiswahili ni korido, juu ya usawa wa milango. Korido ndiyo uti wa mgongo wa nyumba. Milango yote inaielekea, na mlango wenye pazia hauzuii mawimbi. Juu nako, pale ambapo kuta za kati hazifiki kwenye paa, mawimbi hupita palepale ambapo sauti za majirani zimekuwa zikipita miaka yote. Ubunifu wa fundi wa zamani, ambao wapangaji waliulalamikia kwa kukosa siri, unakuwa msaada.

Ikiwa safari zote mbili zina shida, ziko njia za kuzitenganisha. Kifaa cha laini kinaweza kubaki dirishani, na waya mmoja ukapitishwa hadi koridoni kwenye kifaa cha pili kitakachoeneza mawimbi ndani. Katika kota za kuta nzito na katika magorofa, waya huo una manufaa kuliko chombo chochote cha kukuza mawimbi. Hivyo mawasiliano yasiyo na waya yanaponywa kwa waya, na neno simu linarudia asili yake.

Mapendekezo

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, uzoefu umetuonyesha kwamba istilahi hushika ikiwa inamwonyesha mtumiaji kazi ya kitu. Ungo wa kupokea matangazo ya setilaiti uliitwa ungo kwa sababu ni ungo kwa umbo, na jina likakubalika bila kamati yoyote. Matangazo ya televisheni ya mtindo wa zamani yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, neno king'amuzi liliingia kila nyumba kwa kuwa kung'amua ni kuelewa kilichofichika. Liko pia onyo upande wa pili. Neno kipaza sauti limeachwa litaje chombo cha kusemea na chombo cha kutolea sauti, vitu viwili vilivyo kwenye ncha mbili za waya mmoja. Makosa ya namna hiyo ni rahisi kuyazuia mwanzoni kuliko kuyaondoa baadaye.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri na walimu:

(a) Intaneti litumike kwa huduma yenyewe inayonunuliwa, na mtandao libaki kwa mfumo wa vyombo vilivyounganishwa. Anayeandika tangazo la ofisi ataje kilichoharibika: huduma, chombo, au umeme.

(b) Mawimbi litumike kwa kinachopita hewani. Wimbi lina chanzo, lina nguvu, na hupungua likigonga kitu. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hilo.

(c) Masafa libaki kwa idadi ya mitetemo pekee, kama redio zilivyokwisha lizoeza. Kwa umbali tuseme umbali. Panapotajwa gigahezi 2.4 na 5, mfasiri aongeze sentensi moja ya kueleza ni ipi ipenyayo kuta vizuri zaidi.

(d) Kwa upokeaji, kitenzi kushika cha enzi za redio kinatosha. Wananchi husema "hapa redio haishiki", nao huitaja simu hivyo hivyo. Jina mshiko lingependeza, lakini vijana wa mjini wamekwisha lipa maana ya fedha, na ushikaji wameupa maana ya urafiki. Basi na tukitumie kitenzi chenyewe: chumba hiki kinashika mawimbi, chumba kile hakishiki.

(e) Chombo kinachopokea mawimbi na kuyatoa upya kiitwe kirudiaji mawimbi, kisiitwe kipaza wala kikuza. Jina kikuza humfanya mnunuzi akiweke katika chumba kisicho na mawimbi kabisa, akitumaini kwamba kitayakuza. Kisichosikia hakiwezi kurudia. Kirudiaji huwekwa katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi yangali mazuri.

(f) Mahali ndani ya jengo ambapo mawimbi hayafiki paitwe kivuli cha mawimbi. Hili ndilo pendekezo tunaloliona kuwa la maana kuliko mengine. Mtu akiambiwa kwamba chumba chake hakina mtandao, huinua simu juu na kungoja. Akiambiwa kwamba chumba chake kimo kivulini, huuliza mara moja: ni kivuli cha nini? Hakuna kivuli kisicho na kitu kinachokitia. Atatazama jokofu lililowekwa mbele ya kifaa, wavu wa dirisha, au ukuta mpya wa tofali uliojengwa mwaka jana mahali pa ule wa udongo. Neno litakuwa limemwelekeza kwenye sababu, kazi ambayo jina la simu ya upepo lilianza kuifanya na majina yaliyofuata yakaiacha.

Hitimisho

Hatudai kwamba istilahi itabomoa ukuta. Atakayesogeza kifaa ni mtu, na atakayepitisha waya ni fundi. Lakini fundi na mwenye nyumba, mwalimu na mwanafunzi aliye chumba cha nyuma akijisomea usiku, hawana budi kuzungumza kabla ya kutenda. Lugha iliyowahi kutofautisha simu ya maandishi na simu ya mdomo haishindwi kutofautisha huduma, mtandao na mawimbi.

Inawezekana kabisa kwamba mafundi wa Kinondoni na Temeke wana maneno yao kwa mambo haya, yaliyo mafupi na yenye nguvu kuliko haya tuliyoyapendekeza. Wasomaji wanaoyasikia katika kazi zao wanaombwa wayaandike na kuyaleta, pamoja na kueleza yalisikika wapi na yalitumika kwa maana gani, ili yapimwe sambamba na haya kabla hayajaingia katika vitabu.